Seva Haimjui

Kli.

Ufunguo ulizungushwa kwenye kabati la jikoni, gizani, kabla jogoo wa jirani hajakohoa. Kimya kidogo. Kisha kli ya pili, na ndara zikaburutwa taratibu kurudi chumba cha mbele.

Chumba cha pili, mwanamke aitwaye Jioni alikuwa macho zamani. Alikaa kitandani, kompyuta juu ya mapaja, binti yake amelala kwa kumkumbatia mguu. Akasonya. Kila alfajiri ni wimbo huo huo: mama mkwe anaamka, anafungua kabati, anaiangalia sukari kama mtu anayemwangalia mgonjwa mahututi, anaridhika kwamba bado inapumua, anafunga. Ufunguo unarudi kiunoni, kwenye uzi wake mweusi, na unalijua joto la mwili wa mwenyewe kuliko unavyolijua tundu la kitasa.

"Kama kuna mwizi humu ndani ni sisimizi," alinong'ona, "na sisimizi hawapitii mlangoni."

Jioni silo jina alilopewa na wazazi wake. Alibandikwa na shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, siku ile ya kwanza alipomwingiza ofisini. Alisimama naye katikati ya chumba, akapiga makofi watu wanyamaze, akasema: "Jamani, huyu ni mke wa mdogo wangu. Kompyuta kaisomea jioni, wenzake wenye akili walipokuwa wanakula." Watu wakacheka, jina likaganda. Hata Bosi, mwanamke asiyecheka ovyo, alipokuja kulitumia alilitumia kwa nia njema kabisa, na hilo ndilo liliuma zaidi.

Naye hakukubali kuvishwa nguo peke yake. Kabla wiki haijaisha alikuwa amemvisha shemeji yake jina la Funguo, na hilo nalo likaganda, maana lilimkaa kama lilishonwa kwa vipimo vyake.

Maana huyu bwana naye! Ofisi ilitengeneza mfumo wa maabara ya hospitali. Mgonjwa anatolewa damu, mtu wa maabara anaandika majibu, daktari aliyeko ghorofani anayaona papo hapo. Majibu yote yanakaa kwenye hifadhidata, na programu ikitaka kuongea na hifadhidata lazima ifunguliwe mlango: mashine iko wapi, mtumiaji ni nani, nenosiri ni lipi. Huo ndio muunganisho. Sasa seva, ile kompyuta inayoendesha programu, ikiwa ya lugha ya Java na imelelewa vizuri, ina adabu zake. Unaiandikia mara moja tu, mahali pamoja, mlango uko wapi na unafunguliwa vipi, na mlango unaupa jina. Baada ya hapo kila kipande cha programu chenye shida na hifadhidata kinaweka alama yake ndogo, kama mtoto anayeinua bakuli, na seva yenyewe inakiletea muunganisho mkononi. Kipande hakilijui nenosiri wala hakina haja nalo. Mtoto haulizi unga umenunuliwa duka gani.

Funguo hakutaka mambo ya bakuli. Yeye aliandika anwani, mtumiaji na nenosiri kwa mkono wake ndani ya kila kipande, na vipande vilikuwa vingi kuliko nywele zilizombakia kichwani. Nenosiri lenyewe, Mungu amsitiri, lilikuwa SimbaDume na mwaka wake wa kuzaliwa. Kila mtu ofisini alilijua na kila mtu alijifanya halijui, kama watu wanavyojifanya hawajui kwamba mzee fulani amepaka nywele rangi. Hospitali ilipohamisha hifadhidata kwenye mashine nyingine, ofisi nzima ilikaa ikimsubiri Simba Dume apite kipande kwa kipande, afute, aandike upya, akosee, arudie. Alikuwa anafika amechelewa, miwani ya jua usoni, anavuta kiti kama mfalme anayekalishwa. "Mnaona?" anasema. "Bila mimi hapa ni giza."

"Bila wewe," Jioni alimjibu siku moja, "hapa tungekuwa tumeshawasha taa."

Ndipo Bosi alipomkabidhi kazi. Hospitali imenunua seva mpya. Mfumo uhamishwe, muunganisho uwekwe kwenye seva yenyewe, vipande vyote viletewe, SimbaDume azikwe. "Funguo atakusaidia ukikwama," Bosi alisema. "Wageni wa hospitali watakuja kutazama. Wakiridhika, barua yako ya ajira naiandika siku hiyo hiyo. Wasiporidhika, utakuwa umejifunza mengi."

Jioni alilielewa vizuri hilo la kujifunza mengi. Maana yake ni kurudi kwenye duka la kunakili, kubandika vitambulisho vya watu kwenye kioo kutwa nzima, mwanga wa kijani unapita machoni kwenda na kurudi, na mteja anakuuliza mbona uso wake umetoka mweusi. Alishakaa huko. Alisoma masomo yake ya jioni macho yakiwa bado na huo ukijani. Mumewe dereva wa malori ya masafa marefu, leo yuko huku kesho yuko kule, na kwenye simu aliambiwa kila kitu na kila kitu alijibu "utaweza tu mke wangu," maneno matamu yasiyoonyesha mtu pa kuanzia.

Na leo ndiyo siku yenyewe ya wageni.

Kazi ilikuwa imekwenda vizuri mpaka ikamshangaza. Muunganisho aliuandika kwenye seva, akaupa jina, akapita akiling'oa nenosiri la Simba Dume kipande baada ya kipande kwa raha ya mtu anayetoa miba kwenye unyayo. Kurasa zote zikafunguka. Orodha ya wagonjwa, sawa. Vipimo, sawa. Majibu, sawa. Lakini ukibonyeza kitufe cha kuchapa cheti cha majibu, kile ambacho mgonjwa anakwenda nacho nyumbani, mfumo unaanguka kifudifudi. Mahali pa muunganisho panakutwa null, yaani patupu, hewa.

Kinachouma, hicho kipande cha kuchapa cheti ndicho pekee alichokiandika yeye mwenyewe tangu herufi ya kwanza. Alikiandika mwanzoni kabisa, alipokuwa bado mgeni, na alama alikuja kukiwekea baadaye, ile ile aliyoviwekea vipande vingine. Ameisoma mpaka imeanza kumcheka.

Kwa hiyo ilikuwa imebaki sababu moja tu duniani, na sababu hiyo ina kitambi na miwani ya jua.

"Ameingia kwenye seva," alimwambia binti yake aliyelala. "Amechokonoa jina la muunganisho. Anataka nianguke mbele za watu, halafu aje na nenosiri lake la mnyama aniokoe."

Binti akafumbua jicho moja. Nyumbani alikuwa Tone, kwa sababu alizaliwa mdogo hivi, na mpaka sasa, akikaribia kuanza shule, hakuwa amepata mwili wa kubishana na jina hilo.

"Mama, unaongea na nani?"

"Naongea na wewe, mpenzi."

"Mimi nimelala."

"Basi lala."

"Nataka uji."

Jioni akaiweka kompyuta kando, akainama, akavuta kopo la sukari chini ya kitanda. Alijua kabla hajalifungua. Lilikuwa jepesi la kutia huzuni. Ndani kulibaki punje chache zilizogandia kwenye kona, za kulambwa kwa kidole, si za kutiwa kwenye uji.

Kopo hilo lilikuwa na historia. Walipohamia kwa mama mkwe, wiki ya kwanza, Jioni alikwenda jikoni akafungua kabati, akachota sukari ya mtoto. Mama mkwe, akimenya vitunguu, hakugeuka hata kidogo. Alisema tu: "Kwangu sukari haichotwi, inaombwa." Basi. Hakuna aliyejua kama alisema kwa ubaya au alisema kama watu wanavyosema mvua inanyesha. Jioni alilichukua kwa ubaya, akarudisha kijiko, jioni hiyo akanunua kopo lake na jiko lake dogo la mafuta, na tangu siku hiyo yeye na mtoto wakawa wanakula chumbani. Wale wajukuu wengine, watoto wa Funguo, walikaa mezani kwa bibi yao, wakapakuliwa, wakatiliwa sukari. Bibi hakuwahi kumnyima Tone. Hakuwahi kumpa pia. Kwani Tone alikuwepo mezani?

"Leo uji ni wa chumvi kidogo," Jioni alisema.

Tone aliuonja, akalisukuma bakuli mbele kwa kidole kimoja, kwa heshima, kama mtu anayerudisha barua iliyokosea nyumba.

"Huu ni wa wagonjwa."

"Nenda basi ukamwombe…" Neno lilifika mdomoni, likageuka, likarudi lilikotoka. "Mama ataleta sukari akirudi. Kunywa hivyo hivyo, uwe hodari."

Ukutani, upande wa pili, kijiko kiligonga kikombe. Mtu alikuwa anakoroga chai yenye sukari ya kutosha.

*

Ofisi ilikuwa ghorofa ya juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira mpya ilipanda ngazi pamoja na wafanyakazi, ikakaa nao mpaka jioni. Feni ilifungwa kwa kamba isije ikaruka. Seva ilikaa stoo, mahali palipokuwa choo zamani, bomba bado liko ukutani likiwa limezibwa kwa kitambaa.

Funguo alikuwa amewahi, jambo ambalo lenyewe lilikuwa ushahidi. Amekaa mezani pake, anamenya chungwa kwa uzi mmoja mrefu usiokatika, kazi pekee ambayo Jioni alikiri anaiweza.

"Shikamoo, shemeji," alisema, kwa sauti ya kutupia.

"Marahaba, Jioni. Macho mekundu. Umekesha?"

"Nilikuwa natafuta kilichoibwa."

"Na umekipata?"

"Nimempata mwizi."

Chungwa likasimama hewani. Wenzao wawili, mtengenezaji wa kurasa na dada wa mapokezi, wakageuza viti vyao polepole, kama alizeti kwa jua.

Hapo hapo Bosi akatokea mlangoni na mkoba wake. "Mwizi gani?"

Jioni hakupanga kusema hivyo. Lakini maneno yakikaa kifuani tangu alfajiri huwa hayasubiri kupangwa. Akasema. Akasema kwamba kuna mtu ameingia kwenye seva akabadili muunganisho, cheti hakichapiki, na mtu huyo ni yule yule asiyependa kuona kitu kinatembea bila mkono wake kukishika kiuno. Akasema kuna watu wamezoea kulisha wenzao kwa kijiko ili waonekane wao ndio mama. Akasema na la SimbaDume. Mapokezi akaziba mdomo kwa bahasha.

Funguo akaweka chungwa chini. Hakukasirika.

"Bosi," alisema, "twende stoo."

Wakaenda wote, wakajazana mle ndani, magoti kwa magoti. Bosi mwenyewe ndiye aliyefungua ukurasa wa seva, akatafuta jina la muunganisho, akabonyeza pale panapojaribu kama mlango unafunguka. Seva haikufikiri hata kidogo. Ikaandika kwa kijani: umefaulu. Akabonyeza tena. Umefaulu. Jina la muunganisho lilikuwa lile lile, herufi kwa herufi, na aliyegusa mipangilio mara ya mwisho, seva ikasema bila huruma, ni Jioni.

Bomba lililozibwa lilidondosha tone moja kwenye kitambaa.

"Haya," Bosi alisema mwishowe, anatoka kwa ubavu. "Wageni wameshapiga simu, wako njiani. Jioni, una muda wa chai moja. Isiyo na moto sana."

Funguo akarudi kwenye chungwa lake. Akaling'oa pande la kwanza, akalitazama kwenye mwanga.

"Mimi mwizi," alisema, kama anaionja ladha yake. "Mtu nimeiba kitu ambacho sikukitia mkononi. Ningekuwa na kipaji hicho ningekuwa wapi saa hizi?"

Jioni akakaa. Akafungua kipande chake. Alama ipo. Jina la muunganisho lipo, sahihi. Seva nzima. Vipande vingine vyote vinaletewa vizuri, vinakula, vinashiba. Hiki kimoja kimekaa na bakuli juu, na mkono wa seva unapita kama hakuna mtu. Macho yalimwasha. Akafikiria mwanga wa kijani wa duka la kunakili, ukipita, ukirudi, na mteja wa kwanza akiuliza kwa nini ametoka mweusi.

Aliyeweza kumsaidia alikuwa anakula chungwa hatua tatu kutoka hapo. Na Jioni alijua kwamba anajua. Lile tabasamu la pembeni lilikuwa la mtu aliyeona jibu zamani, pengine jana, pengine wiki iliyopita alipopita nyuma ya kiti chake akisafisha miwani kwa ncha ya shati. Alikuwa ameliona na amelikalia kama kuku kwenye yai. Anasubiri aombwe, basi. Mama mtu na mwana mtu, Jioni aliwaza kwa dharau iliyomjaa mpaka masikioni: ukoo mzima umeumbwa na kabati, na ufunguo uko kiunoni.

Chini, mlango wa gari ukafungwa. Kisha mwingine. Sauti ya mwanamke ikauliza ngazi ziko wapi.

"Shemeji," alisema Jioni.

"Naam."

"Hebu tazama hapa."

"Nitazame nini? Mimi ni mwizi. Naweza kuondoka na kompyuta."

Mapokezi akakohoa. Viatu vilianza kupanda ngazi, vya watu wasio na haraka, wanaosimama kusifia matairi.

Jioni akageuza kiti chake kumwelekea.

"Shemeji, nimekukosea. Na naomba unisaidie."

"Sijasikia la pili."

"Umesikia."

"Masikio yangu ni ya mchana. Sauti za jioni yanazikosa."

"Naomba," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka stoo. "Naomba. Naomba, shemeji. Nikuandikie ukutani?"

Funguo akafuta vidole kwa leso, kimoja kimoja, akavuta kiti chake kwa miguu mpaka mezani pa Jioni. Hakukitazama kipande cha cheti hata kidogo. Alifungua ukurasa wa majibu, ule wenye kitufe, akashuka mpaka mstari ambao Jioni aliupita mara mia kama mtu anavyopita geti la kwao. Akaweka ukucha juu yake.

"Huyu mtoto kamzaa nani?"

Jioni akasoma. Kitufe kilipobonyezwa, ukurasa ulikuwa unamuumba mchapaji wa cheti, yaani kile kipande chake, pale pale, kwa mkono, kwa lile neno la kwanza analofundishwa kila anayeanza Java: new. Umba kipya. Aliliandika siku zake za mwanzo, kama alivyofundishwa jioni ile ya kwanza ubaoni: ukihitaji kitu, kiumbe mwenyewe. Na baadaye, alipojifunza mambo ya seva, alikwenda akamwekea mtoto alama, akasahau kwamba alishamzalia nje.

"Umemzaa nyuma ya nyumba," Funguo alisema, akifurahia kila neno. "Hukumpitisha kwa seva. Seva inawaletea walio wake, iliowaumba yenyewe, inayowajua. Huyu wako seva haimjui. Atakaa na bakuli lake mpaka ndevu zimtoke. Umeweka alama ya kuomba kwa mtu asiyejua kama upo."

Alitaka kumchukia kwa ajili ya sentensi hiyo, na nafasi ya chuki ilikuwepo, pana tu. Lakini vidole vilishaanza kazi. Akaifuta new. Mahali pake akaweka alama, naye mchapaji aletwe na seva yenyewe, kama wenzake. Mstari mmoja. Akapandisha mfumo upya, seva ikanguruma stoo, na wageni wakaingia.

Walikuwa watatu: mkuu wa maabara, aliyekuwa mama wa makamo mwenye kalamu nyuma ya sikio, daktari aliyepiga miayo kabla ya salamu, na kijana wa mitambo wa hospitali, mwenye funguo nyingi mno shingoni kwa mtu wa umri wake. Jioni aliwaonyesha orodha. Aliwaonyesha vipimo. Mkuu wa maabara alisema "mh" kila mara, na hakuna aliyejua ni mh ipi. Kisha akasema, "Na cheti? Wangu wanapiga foleni kwa ajili ya cheti."

Jioni akabonyeza.

Mashine ya kuchapa, ile mbovu iliyowekewa kitabu chini ya mguu mmoja, ikafikiri. Ikatetemeka. Ikatoa karatasi moja, nyeupe, yenye joto, majibu ya mgonjwa wa kubuni yamejipanga kama watoto wa gwaride. Mkuu wa maabara akaichukua, akaisoma yote mpaka chini, akachomoa kalamu sikioni akapiga alama ya vema pembeni, mazoea tu.

"Nenosiri la hifadhidata liko wapi?" aliuliza kijana wa mitambo, akitaka naye asikike.

"Kwenye seva yenu. Mtaliweka wenyewe, mtalibadilisha mkipenda. Ndani ya programu halimo. Hata sisi hatutalijua."

"Vizuri," alisema kijana. "Maana ule mfumo wa zamani nilifungua nikakuta sijui simba gani…"

Funguo alipata kikohozi. Kilikuwa kikohozi kirefu, kilichohitaji dirisha.

Wageni walipokwisha kushuka, Bosi alisimama katikati ya chumba, mkoba begani.

"Jioni, barua yako njoo uichukue kabla hujaondoka. Na siku nyingine ukitaka kumwita mtu mwizi, kwanza tafuta kilichoibwa." Akageukia dirishani. "Na wewe. Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Funguo."

"Nilijua," alisema. "Hakuuliza."

"Nilikwambia umsaidie. Sikukwambia usubiri kupigiwa magoti. Mifumo mingine yote iliyobaki, simba wote watoke humo, na huyu ndiye atakayekuonyesha wanavyotolewa. Nawe utamwomba. Kwa sauti."

Mapokezi safari hii hakupata bahasha ya kuzibia mdomo.

*

Jua lilikuwa bado halijazama Jioni alipofika nyumbani, barua ndani ya mkoba, imekunjwa mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Njiani alipita dukani. Alisimama mbele ya mifuko ya sukari, akashika mmoja, akaupima mkononi, akaurudisha. Muuza duka akamtazama kama mtu aliyeguswa na kitu. "Imepanda bei?" alimuuliza. "Hapana," alisema Jioni. "Imeshuka."

Funguo alikuwa ameshatangulia, kama kila siku, anakula kwa mama yake kwa sababu mke wake, alidai, anapika kwa kutumia saa. Watoto wake walikuwa mezani. Mama mkwe amekaa kwenye kichwa cha meza, mkono mmoja kwenye birika.

"Mama, leo mkweo amepata ajira kwenye kampuni," Funguo alikuwa anasema. "Kaniita mwizi mbele ya watu, halafu kaniita shemeji. Asubuhi moja."

"Na kwa majina hayo mawili alikosea lipi?" aliuliza mama yake.

Jioni alisikia akiwa koridoni, akajiuma mdomo asicheke. Ile sauti kavu ya kumenya vitunguu! Siku zote hizi alidhani inamlenga yeye peke yake.

Aliingia chumbani, akamkuta Tone amekaa juu ya kitanda, kopo tupu kichwani kama kofia.

"Umeleta sukari?"

"Sijaleta. Chukua bakuli lako. Twende mezani."

"Mezani kwa bibi?"

"Kuna nyingine?"

Tone akashuka, akachukua bakuli, akasita mlangoni. Jioni akamshika bega. Alijishangaa: barua aliipokea bila woga, na sasa anaogopa meza yenye kitambaa cha maua na mzee mmoja.

Walipoingia, vijiko vilinyamaza. Funguo alifungua mdomo, akautazama uso wa mama yake, akaufunga juu ya kipande cha mkate.

"Shikamoo, mama," alisema Jioni.

"Marahaba. Leo mmepotea njia?"

"Tumeipata, mama."

"Mh." Hii mh nayo haikujulikana ni ya aina gani. Kwa mguu, chini ya meza, mama mkwe akakisukuma nje kiti kimoja. Kisha akakisukuma cha pili.

Tone akapanda. Bibi akachota uji wa moto kwenye sufuria, akamjazia bakuli mpaka kwenye mstari wa bluu, asitie kitu kingine. Akaweka mwiko. Mkono wake ukaenda kiunoni, ukakaa pale, juu ya uzi mweusi. Wajukuu wengine walitazama kama wanaotazama penalti.

Jioni aliujua mdomo wake. Dharau zote za mwaka zilikuwa zimejipanga nyuma ya meno, zimevaa, ziko tayari kutoka: habari ya sisimizi, ya sukari mahututi, ya ukoo wa makabati. Alizikalia. Akamtazama mwanawe, akaitikia kwa kichwa, kidogo tu.

Tone akaliinua bakuli kwa mikono miwili.

"Bibi, naomba sukari."